Mkono wa Kushoto

Gauni lililomletea mama yangu wateja wengi kuliko mengine yote halikuwa limeshonwa. Lilichorwa kwa brashi juu ya picha.

Picha hiyo niliikuta juzi Kitui, nilipokwenda kuhamisha vitu vya nyumba yetu. Nimepiga picha za mitindo maisha yangu yote na macho yamechoka, lakini niliketi sakafuni nikaitazama mpaka chai ikapoa.

Miaka ya sabini mama alikuwa na cherehani barazani, na mlango wa pili palikuwa na studio ya jirani yetu, mtu wa asili ya Pwani aliyeanza kwa kuchora mabango ya maduka. Nyuma ya wateja alitundika shuka la amerikani alilolipaka maua na ngazi za jumba lisilojulikana liko wapi. Mama akimaliza gauni, jirani alilipiga picha limevaliwa, picha ikatundikwa ukutani, na wateja wakachagua kwa kidole. Harufu ya dawa zake za kusafishia picha ilichanganyika na ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa aliyopika nyanya yangu jikoni.

Mwaka wa ukame vitambaa vilikosekana. Jirani akampiga mama picha akiwa amejifunga leso tu, kisha akamchorea gauni la samawati, mkono wa kushoto ukiporomoka kwa mikunjo kama maji. Nyanya alionya kwamba macho hayana sindano, si kila linaloonekana linashoneka.

Akaja bibi harusi kutoka Matinyani na kitambaa chake. Akaonyesha kwa kidole picha ya gauni la samawati ukutani: hilo hilo. Mama hakukataa; angekataa, nani angeziamini picha nyingine ukutani? Mkono wa kulia ulitii. Wa kushoto aliukata, akaufumua, mpaka kitambaa kikabaki kipande tu. Akaenda mlango wa pili.

"Jirani, hii mikunjo yako inaanzia wapi?"

"Kwa brashi, mama."

"Basi iambie ije ikae kwa cherehani. Harusi ni Jumamosi."

Ijumaa walijifungia studio pamoja na nyanya, sisi watoto tukafukuzwa. Kesho yake gauni lilitoka limefungwa kwa shuka.

Wote watatu tumewazika. Studio sasa ni duka la simu. Mimi bado napaka rangi mapazia ya nyuma kama jirani, na kila fundi niliyemwomba anishonee mkono ule amenirudishia kitambaa.

Chini ya picha ya mama palikuwa na ya harusi ile. Bibi harusi amesimama kwa ubavu mbele ya zile ngazi za kuchorwa, mkono wa kulia mbele. Wa kushoto jirani aliupanga nyuma ya bwana harusi, hauonekani.