Gari Lenye Kitanda

Nilikodi gari lenye jiko na kitanda ndani, nimtembeze baba kwenye makorongo makavu ya Serengeti. Tulipofika kijijini kwake Nyanungu tulimkuta barabarani, kavaa koti lake la kanisani. Mimi na mke wangu tukamwamkia shikamoo, kisha kwa sifa zangu nikamfungulia mlango. Kitanda chetu kilikuwa wazi, khanga za mke wangu juu yake.

Baba akageuza uso. Kwetu Wakurya, baba mkwe haingii chumba anacholala mke wa mwanawe, na gari zima lilikuwa chumba kimoja. Jambo hilo nalijua tangu utotoni! Sijui akili niliziacha wapi.

“Tangulieni,” alisema kwa upole, akaita bodaboda.

Njia nzima hadi bwawa la Manchira nilimwona kwenye kioo, akila vumbi letu.