Mashine ya Tatu ya Kahawa

Mke wangu anaonja kahawa kwa mshahara. Watu wakisikia hivyo hucheka, wakidhani amepata kazi ya kunywa. Hanywi. Anafyonza kijiko kimoja kwa sauti, anaizungusha kinywani, anaitema kwenye ndoo, kisha anaandika gunia lile ni la daraja gani. Wenzake ghalani humwita Bibi Ulimi, na kwa miaka kumi na tisa jina hilo limemkaa sawasawa.

Mwezi uliopita alishikwa na mafua mabaya. Alipopona, akaanza kuilaumu mashine yetu ya kahawa ya nyumbani. "Inatoa maji ya kuoshea vyombo," alisema. Mimi ni fundi cherehani mwenye vidonda vya tumbo, kahawa siigusi, kwa hiyo sikuwa na la kubisha. Nikaenda kununua nyingine. Hiyo nayo akaisusa siku ya pili.

Hapo nikaanza kuingiwa na wasiwasi, maana Ijumaa ilikuwa siku ya mtihani. Kila mwaka waonjaji hupangiwa vikombe visivyo na majina, na anayevikosea anaondolewa mezani, anapelekwa kupima uzito wa magunia. Mke wangu alitaka kufanya mazoezi nyumbani, na bila kahawa nzito, aliniuliza, angefanyaje mazoezi? Nikamwamini. Ukishaogopa, unakuwa tayari kuamini kwamba hata mashine ina roho mbaya.

Alhamisi nikarudi dukani. "Nataka inayotoa kahawa nzito, yenye ladha," nikamwambia muuzaji.

"Chukua hii, mzee wangu. Hutajuta."

"Juzi uliniambia hivyohivyo."

"Ile ilikuwa ya kuchuja. Hii inasukuma maji kwa nguvu. Hata maiti akionja, atakaa kitako."

Sikucheka, lakini niliinunua.

Nyumbani nikataka kumwandalia kila kitu mapema. Nikatia buni kwenye kikaango, nizikaange kidogo zaidi ya anavyozikaanga yeye, ili ziwe kali. Mara akaja mteja kupimwa suruali, akaanza kubishana nami kuhusu kiuno chake mwenyewe. Nilipokumbuka jikoni, buni zilishakuwa mkaa. Jirani alikuja mbio na ndoo ya maji akidhani nyumba inaungua. Nikafungua madirisha yote. Moshi ukaisha, lakini harufu ilibaki imeng'ang'ania mapazia, matakia, mpaka shati langu.

Mke wangu akaingia. Huyu ni mtu ambaye zamani, akiwa bado getini, alikuwa akinitajia kiungo nilichokisahau kwenye mchuzi. Akavua viatu, akaketi.

"Kahawa hujakaanga bado?"

Nikaitazama pua yake. Nilipaswa kusema palepale. Kwa uoga wangu, nikazisaga zilezile zilizoungua, nikawasha mashine mpya, nikamletea kikombe. Nilitaka akunje uso. Nilimwomba Mungu akunje uso, anitukane mimi na ukoo wangu wote.

Akafyonza kwa kijiko kama anavyofanya kazini. Akafumba macho.

"Hii sasa ndiyo mashine," akasema. "Uchungu wake umekolea, na kuna chungwa kwa mbali. Ahsante, baba watoto."

Chungwa kwenye mkaa. Nikaketi mbele yake.

"Mama watoto, hizo buni niliziunguza."

"Kidogo?"

"Ni mkaa mtupu. Nyumba nzima inanuka. Jirani alitaka kutumwagia maji."

Akakiweka kikombe chini taratibu. Hakushangaa, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Tangu siku aliyoanza kuilaumu ile mashine ya kwanza alikuwa anajua kwamba mafua yameondoka na harufu na ladha yote, na lile chungwa alilitoa kichwani tu ili mimi niache kuhangaika madukani.

Akanyoosha mkono, akanivuta shati, akazika pua yake kifuani kwangu na kuvuta pumzi ndefu.

"Linanuka moshi?"

"Sana."

"Kesho nitamwambia mkuu wangu kabla hajapanga vikombe," akasema, uso ukiwa bado kwenye shati. "Unisindikize. Nikienda peke yangu nitamdanganya na yeye."

"Nitafunika cherehani twende."

Akatikisa kichwa kukubali, kisha akanusa tena.