Samaki wa Karatasi Mwenye Jina la Wechuli

Awuor wa Katito amekata minofu ya samaki aina ya mbuta miaka kumi na mmoja katika kiwanda kimoja kando ya ziwa, Kisumu, na katika miaka hiyo yote hajawahi kumwambia mtu wa pale kazini kwamba atachomwa moto wa jehanamu. Si kwamba hakuwa na watu akilini. Alikuwa nao, tena kwa majina. Ila aliona Mungu hana haja ya kusaidiwa vitisho na mwanamke aliyevaa aproni ya plastiki na kofia ya nailoni inayomfanya afanane na uyoga.

Njia yake ilikuwa ya polepole mno, hata wenzake wa kanisani walimcheka. Pale kiwandani wakataji husimama wawili wawili, uso kwa uso, samaki katikati. Ukisimama na mtu hivyo saa nane kwa siku, vidole vimekufa ganzi kwa barafu, utamjua hata kama hutaki. Mwenzake mezani alikuwa Wechuli, Mluhya wa Kimilili, mrefu, mwenye ulimi mkali kuliko kisu chake. Mwaka wa kwanza wa kusimama pamoja walizungumza habari za visu tu. Mwaka wa pili Wechuli akaanza uchokozi, akimwita kwa jina la bintiye.

"Mama Winny, huyo Mungu wako anakula mbuta ama ni wa vidagaa vya omena?"

"Anakula chochote, bora kisipikwe na Mluhya."

Mwaka wa tatu, bila kuulizwa, Wechuli akamwambia. Dada yake Debra alikufa, na kanisa lililokuwa likila kuku wake kila ziara ya wageni likakataa kumzika kwa sababu alikuwa mke wa pili. Tena hawakuishia kukataa. Walikuja na mkokoteni wakachukua viti vyao vya plastiki, waombolezaji wakiwa wamevikalia.

Awuor aliweka kisu chini. Hakusema Mungu ana makusudi yake. Alisema, "Washenzi hao," akaokota kisu akaendelea kukata. Kesho yake Wechuli, ambaye alikuwa hataki hata kusikia kengele ya kanisa, akauliza mwenyewe: "Na Yesu angebeba viti?"

"Angekalia kimoja, akae na nyinyi."

Tangu siku hiyo Wechuli alikuwa na maswali. Awuor aliyajibu aliyoyaweza. Yaliyomshinda alisema yamemshinda.

Mambo yalikuwa hivyo Sydney aliporudi kutoka semina.

Sydney ndiye msimamizi wa zamu. Alikaa siku tatu katika hoteli moja Nakuru akifundishwa kuokoa wafanyakazi wenzake, akarudi na cheti chenye fremu na sauti mpya. Akamwendea Nirav, mwenye kiwanda, kuomba ruhusa ya ibada kila asubuhi. Nirav ana miungu yake nyumbani na hana neno na ya wengine. Aliuliza swali moja tu: mashine zitawaka saa moja kamili? Zitawaka. Basi ombeni. Hivyo watu wakaanza kufika nusu saa mapema, bila malipo, kwa utukufu wa Bwana, ingawa haikuelezwa ni bwana yupi.

Kisha ukaja ubao. WAVUVI WA WATU, kwa herufi nyekundu. Kila aliyeokoka alikatiwa samaki wa karatasi ya manila, jina lake likaandikwa tumboni, na uzi ukavutwa mpaka kwenye jina la aliyemvua. Mvuvi bora angepewa duveti. Ndani ya wiki mbili Wekesa wa chumba cha barafu alikuwa ameokoka mara tatu, kila mara na mvuvi tofauti, na alionekana bado ana nguvu za kuendelea.

Jumatano moja Sydney akawaamuru wote wafumbe macho. "Anayempokea Mwokozi ainue mkono. Hakuna anayeangalia," akasema, huku yeye ameyakodoa.

Wechuli alikuwa amesimama karibu na mlango. Aliona lori la samaki kutoka Mbita limefika, geti limefungwa, barafu inayeyuka na kutiririka barabarani. Akainua mkono, aombe ruhusa ya kumfungulia dereva.

"Nimekuona, ndugu yangu! Asante Yesu!"

Wechuli akadhani amekubaliwa, akatoka mbio. Hata zile mbio Sydney alisema ni Roho.

Kesho yake ubaoni palikuwa na samaki mkubwa wa buluu. WECHULI. Na kwa kuwa meza yao ilikuwa moja, uzi ulikwenda moja kwa moja kwa AWUOR.

Awuor alimkuta Wechuli amesimama mbele ya ubao, kikombe cha chai mkononi.

"Kumbe miaka mitatu ulikuwa unanitega, Mama Winny."

"Haki ya Mungu, mimi hata sijui nani ameweka—"

"Kumbe hata habari za dada yangu ulizisikiliza kwa ajili ya duveti."

Akachukua kisu chake, akahamia meza ya mwisho, kwa Okinyi aliyekuwa akikata peke yake. Siku nzima Awuor alikata samaki akitazamana na ukuta. Hasira ilimpanda kutoka kwenye gambuti. Miaka mitatu! Miaka mitatu ya kuuma ulimi, ya kungoja mtu afungue mlango wake mwenyewe, halafu anakuja jamaa mwenye makasi na gundi, anamgeuza mtu pambo la ukutani! Kule nyumbani walimnyima dada yake Wechuli maziko kwa jina la Mungu; huku wanamwibia Wechuli jina lake kwa jina la Mungu huyohuyo. Na hao ndio wanaoshangaa kwa nini watu wanakimbia makanisa.

Alimfuata Sydney ofisini na aproni yake yenye damu. "Toa hiyo samaki."

"Dada Awuor," Sydney akatabasamu, "unyenyekevu ni mzuri, lakini usizime moto. Kesho utatoa ushuhuda, utueleze ulivyomvuta."

"Nitatoa."

Sydney akaandika kwenye ratiba yake, amefurahi.

Asubuhi ya Ijumaa Awuor hakwenda mbele. Alikwenda ubaoni. Akamng'oa samaki wa buluu, uzi na vyote, akamkunja akamtia mfukoni.

"Wechuli hajaokoka," akasema. "Aliinua mkono kwa sababu ya lori. Wewe uliona lori, Sydney, macho yako yalikuwa wazi kuliko ya mbuta."

Kicheko kikapasuka. Wekesa alicheka kuliko wote.

"Na mimi sijamvua mtu. Nilikuwa naongea na mwenzangu wa kazi. Kama Mungu anamtaka, anajua meza tunayosimama. Hakukutuma uje umwandike jina bila kumuuliza, ati upeleke hesabu ya vichwa Nakuru! Hiyo duveti jifunike wewe."

Sydney alikuwa amebadilika rangi, lakini semina ilimfundisha kutokata tamaa. Akalainisha sauti. "Labda ndugu yetu ana uchungu na kanisa. Wewe unajua, dada. Tueleze hapa kilichompata, tumwombee."

Watu sitini wakasogea mbele. Awuor alikuwa nayo mdomoni: Debra, mkokoteni, viti. Angeyasema, Sydney asingepata pa kujificha. Alimtazama Wechuli kule nyuma. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayengoja kupigwa.

"Hiyo si yangu kusema," Awuor akajibu, akarudi mahali pake.

Wechuli akainua kichwa.

"Ni yangu," akasema.

Akasema yote, kwa sauti ya kawaida, bila kulia. Alipofika kwenye mkokoteni, Okinyi alivua kofia yake ya nailoni. Mwingine akavua. Kisha wote.

Ilikuwa saa moja na dakika saba Nirav alipochungulia mlangoni, kidole juu ya saa yake. "Mashine ziko kimya kwa nini?"

"Tuko matangani, bosi," Wekesa akamwambia, na safari hii hakuwa anacheza.

Nirav akatazama vichwa vile vyote vitupu, akashusha mkono, akasimama. Sydney akakohoa, akafungua mdomo kuanza ombi lake refu.

"Nyamaza, Sydney," Awuor akasema, akavuka ukumbi akaenda kusimama karibu na Wechuli.