Goti la Kushoto na Safari ya Bagamoyo

Mgongo wa mume wangu naujua kuliko uso wake. Najua bega la kulia lilivyoshuka kidogo, najua kola ya shati inavyoanza kuchakaa upande mmoja, najua visigino vyake vinavyokula soli kwa nje. Sababu ni moja tu: tangu aliponioa nimekuwa nikitembea nyuma yake. Kwetu kusini mwanamume hutangulia njiani. Njia zilikuwa nyembamba, majani yanafika kiunoni, na asubuhi anayetangulia ndiye anayepokea umande wote na nyoka wote. Mama yangu mzazi alinieleza hivyo nilipolalamika, nikaona kumbe ni heshima, nikanyamaza.

Shida ni kwamba tulipohamia Dar es Salaam tulikuja na njia yetu. Temeke tulikopanga chumba hakukuwa na umande wala nyoka. Kulikuwa na barabara pana ya lami, watu kumi wangeweza kupita wameshikana mikono, lakini yeye mbele, mimi nyuma. Tukaja kujenga Segerea, wakati huo bado ni mikorosho na mchanga. Tukimwambia mtu tunahamia Segerea anashika mdomo na kuuliza nani kafungwa, maana wengi walilijua gereza la huko tu. Jumapili tulikwenda misa kwa miguu. Yeye alitangulia na kitabu cha nyimbo, mimi nikifuata na mtoto mgongoni, na wakubwa nyuma yangu wakisukumana. Majirani walituita treni. Nililichukia jina hilo wakati ule, na leo nikikaa peke yangu barazani nalitamani.

Watoto wameoa na kuolewa, wametawanyika. Mume wangu amestaafu kazi ya kiwandani Mikocheni, na mtu aliyezoea kelele za mashine ukimweka nyumbani kimya anakuwa mzigo. Alitengeneza mlango ambao haukuharibika. Alihamisha banda la kuku mara mbili, kuku wakaacha kutaga. Kwa hiyo jioni moja alipoweka simu chini na kutangaza kwamba mwaka huu tutakwenda hija Bagamoyo kwa miguu, nilidhani ni mwendelezo wa banda la kuku.

Kila mwaka parokia yetu huenda hija huko, mahali wamisionari wa kwanza walipoteremka pwani na kusimika msalaba. Wazee hupanda kosta, basi dogo la kukodi. Vijana na wenye nguvu huondoka Ijumaa kwa miguu, wanalala njiani, wanafika wakiimba. Miaka yote sisi tulikuwa watu wa kosta, tunasinzia tangu Tegeta na kuamka tumefika. Yeye alisema hija ya kusinzia imemchosha. Nilipomkumbusha umri wake akajipiga kifua: ng'ombe hazeeki maini.

Ningecheka, lakini moyo uliruka. Nilikumbuka siku tuliyofunga ndoa. Lori lililoahidiwa kutubeba kutoka misheni hadi kijijini liliharibika, wazee wakasema tusubiri kesho, na yeye akasema hasubiri. Tukaenda kwa miguu kutwa nzima. Viatu vyangu vyeupe vilikuwa vya kuazima, nikavivua nikavitia kwenye kapu kichwani. Yeye alitangulia na fimbo akipiga majani, koti la harusi begani, na kila baada ya muda aliuliza bila kugeuka, "Upo?" Nami najibu, "Nipo." Hatukuwa na kingine cha kuzungumza, tulikuwa hatujuani sana. Sijawahi kuwa na furaha kama siku ile, na nilitaka safari nyingine kama ile kabla miguu haijanikatalia kabisa.

Hapo sasa lazima niseme habari za goti. Goti langu la kushoto lina miaka linavimba. Asubuhi huamka limekaza, na nikitembea mguu hauendi mbele moja kwa moja, huzunguka kwanza kwa nje, na mwili wote unainama kuufuata. Binti yangu anajua, majirani wanajua, mhudumu wa zahanati aliniambia nitembee polepole, nisilale tu, ila nisikimbizane na mtu. Aliyekuwa hajui ni mume wangu. Usishangae. Nyumbani kwangu kutoka jikoni hadi kitandani ni hatua chache, na kuta zipo za kushika. Tukitoka nje, yeye yuko mbele.

Na kama angejua, namfahamu mzee wangu. Asingenigombeza. Angenipandisha kosta na bibi wenzangu na chupa zao za chai, au angeiacha safari kabisa kwa huruma, tukabaki Segerea tunahamisha banda la kuku. Nikaamua goti lisitajwe.

Tukaanza mazoezi. Alininunulia raba, jozi yangu ya kwanza maishani. Kila Jumamosi tulitoka mapema: kwanza hadi Kinyerezi, halafu mbele zaidi, kila wiki anaongeza kidogo. Yeye mbele kifua wazi, mimi nyuma nazungusha mguu wangu kwa raha zangu, hakuna wa kuniona isipokuwa wapita njia. Dawa ya kuchua niliificha kwenye mkoba. Alipouliza ile harufu nikasema ni mafuta ya mbu, na akayasifu kwamba kweli hajaumwa na mbu hata mmoja.

Jumamosi moja akataka vilima. Binti yetu anaishi Madale, na Madale ni kupanda na kushuka. Tulipanda gari hadi Goba, tukashuka kumalizia kwa miguu. Siku hiyo alikuwa amechangamka, anasimulia usiku ule mtoto wetu wa kwanza alipopata homa Temeke, mvua inanyesha, yeye anagonga milango kutafuta gari. Zamani angeuliza kama nipo. Mjini aliacha kuuliza, nadhani kwa sababu sikuwahi kukosekana. Katikati ya kilima goti likagoma. Kulikuwa na genge la mboga kando ya njia, na mama mwenye genge alipoona ninavyokuja akanigeuzia ndoo nikae, hata sijamsalimia. Nilidhani mzee atageuka. Hakugeuka. Alikimaliza kilima akiongea, mikono inapaa, akashuka upande wa pili.

Yaliyofuata nilisimuliwa na binti yangu. Baba yake alifika getini, akasema "Gonga wewe," akageuka, hakuna mtu. Binti anasema alimkuta amesimama kashika kofia mkononi, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba mama yenu nimempoteza.

Mimi nilimwona akirudi juu ya kilima, karibu anakimbia, mzee mzima, kofia bado mkononi. Nilikuwa nakula tango. Nikasema nilisimama kununua nyanya. Hakunifokea. Alijifuta jasho, akamshukuru mama wa genge mara nyingi kupita kiasi, kisha akasema, "Kuanzia leo wewe utatangulia."

Nilijitetea. Nikamkumbusha desturi, nikamtajia nyoka. Akasema Madale hakuna nyoka, kuna bodaboda, na bodaboda wanatoka nyuma. Nikanyanyuka.

Sijui kama umewahi kujaribu kutembea vizuri kwa makusudi. Nilibana meno, nikaupeleka mguu mbele kama askari wa gwaride, hatua moja, ya pili, ya tatu. Goti likanijibu. Nyuma yangu hadithi ya homa haikuendelea. Nilisikia viatu vyake tu, vinapunguza mwendo, vinapunguza tena. Njia ya mwongo fupi, na yangu iliishia hata hatujafika kwenye kona.

"Mama," aliniita, "huo mguu umeanza lini?"

Nikamwuliza mguu gani. Akaniambia nisimame, nikasimama, na kwa kuwa sikuwa nikimtazama usoni ilikuwa rahisi kusema yote. Akauliza kwa nini nilimficha. Nikasema, "Ungenipandisha kosta." Hakukataa. Tukafika kwa binti yetu, tukapokea shikamoo zetu, na binti akaona nafasi yake imefika, akatusomea: sie watoto wote tulishasema, nyie wazee hamsikii, wote wawili mpande kosta. Nilimtazama baba yake aseme neno. Alikuwa anachezea wali kwenye sahani, na ni mtu asiyebakiza wali.

Wiki ile hakuitaja hija hata mara moja. Raba zake hazikuwa mlangoni. Asubuhi alikunywa chai akatoka, akarudi jioni amechoka, akaoga na kulala. Sikumwuliza alikokuwa, kwa kiburi. Nilijiambia amekwenda kukaa na wastaafu wenzake kunilalamikia. Nililia, na nililia jikoni, wala si kwa ajili ya vitunguu. Haikuwa Bagamoyo peke yake. Niliona kwamba hatutatembea tena, mimi na yeye, safari yoyote yenye maana, na kwamba nimeyataka mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata jumuiya yetu ya parokia ilisali nyumbani kwa jirani. Baada ya sala mwenyekiti, mama mmoja mchangamfu, akataka kujua watu wa hija. Wa miguu wanyooshe mikono. Nikamtazama mzee wangu. Mikono yake ilikaa magotini. Nikatazama sakafu, moyo umekufa. Wa kosta nao wakaitwa, mikono ikapanda, lakini yake haikupanda. Mwenyekiti akacheka, akamwuliza, "Mzee, sasa nyie mpo wapi?"

Akasimama. Akasafisha koo kama afanyavyo akitaka kusoma somo kanisani. Akasema sisi tutakwenda kwa miguu, lakini hatutaondoka Ijumaa na wenzetu. Tutaondoka Jumatatu, siku nne kabla yao.

Watu wakanong'ona. Mmoja akauliza Jumatatu yote hiyo mnakwenda wapi, kwani Bagamoyo imehamishwa? Ndipo akaeleza. Wiki nzima alikuwa njiani. Alikwenda sehemu moja moja, akaulizia mahali pa kulala, akaangalia palipo na kivuli na pa kukaa.

"Mke wangu ana goti," alisema mbele ya watu wote. "Mie mwendo wangu hauwezi kunionyesha tutafika wapi kwa siku. Kwa hiyo nimetembea mwendo wake. Mguu wa kushoto nauzungusha hivi, naupeleka, nasimama. Tegeta mpaka Bunju nilianza baada ya chai, nikafika adhana ya alasiri."

Akawaonyesha. Pale pale, kati ya viti vya plastiki, mzee mwenye miguu mizima akazungusha mguu wa kushoto kwa nje, mwili ukainama kuufuata, akapiga hatua tatu hivi. Watu walicheka mpaka kiti kimoja kikaanguka. Akilini walimwona mume wangu akipita Bunju kwa mwendo ule, watu wa vituoni wakimpa pole. Mimi sikucheka. Nilikuwa sijawahi kujiona nikitembea, na alikuwa amepatia kila kitu, hata ule mkono wangu wa kulia unaotafuta ukuta ambao haupo.

Mwenyekiti alipomaliza kufuta machozi yake ya kicheko akanigeukia mimi, akaniuliza kama nimekubali hiyo Jumatatu. Hasira nilikuwa nayo, kwamba goti langu limetangazwa jumuiya nzima, na nilijua nitamwambia tukifika nyumbani. Lakini kwanza nilishika kiti, nikanyanyuka. Nikasema Jumatatu ni mbali. Tuondoke Jumapili, misa ya kwanza ikiisha.