Mtu Aliyenishikia Boliti

Ilikuwa mchana. Naanza na hilo kwa sababu kila ninayemsimulia huuliza ilikuwa saa ngapi za usiku, na nilikuwa nimekunywa nini. Ilikuwa saa tisa alasiri, mwezi wa saba, na nilikuwa nimekunywa chai. Ukitaka kusema niliota, sema, lakini mimi nilikuwa macho kabisa, nimelala chali juu ya katoni chini ya gari, spana mkononi.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa fundi wa magari Karatina. Tulikuwa na uwanja mdogo nyuma ya soko, mimi na mwenzangu Muriuki, tumeuzungushia mabati. Siku hiyo Muriuki alikuwa ameenda mazishi Kerugoya, nikabaki peke yangu na pikapu ya Ndirangu.

Huyu Ndirangu alikuwa akinunua ndizi na viazi kwa wakulima wa upande wa Kiriaini na kuvileta sokoni. Pikapu yake ilikuwa ya dizeli, yenye tabo, ile ambayo ukikanyaga mafuta mlimani inapiga mluzi kama birika. Nguvu ilikuwa nayo, lakini barabara za kule zikilowa zilikuwa zikiimeza. Alitaka magurudumu makubwa zaidi, na hayo hayaingii mpaka bodi iinuliwe juu ya chesisi, ile fremu ya chuma iliyo chini. Nikwambie ukweli, nilimwona hana raha siku aliyoileta. Alizunguka gari mara mbili, akainama kuangalia chini, akasimama haraka. Nikadhani anaogopa nitamharibia.

Kazi yenyewe haina miujiza. Unatoa viti, unafungua boliti zinazoshikilia bodi, unaiinua kwa jeki upande mmoja mmoja, unaingiza vipande vya bomba nene, kisha unafunga tena kwa boliti ndefu. Shida ni moja tu. Kichwa cha boliti kiko juu, ndani ya kebini, na nati iko chini. Ukikaza nati ukiwa chini, boliti inazunguka nayo bure. Lazima mtu akushikie kule juu.

Na mimi mtu sikuwa naye.

Kama unaijua Karatina ya mwezi wa saba, unaujua ule ukungu unaoshuka na kukaa siku nzima, na manyunyu ambayo hayanyeshi wala hayaachi. Hata mlango wa uwanja sikuuona vizuri. Nilikuwa pale chini nikijaribu kushikilia boliti kwa kamba na kipande cha mbao, nikilaani, niliposikia sauti.

"Fundi, uko?"

"Niko. Ni nani?"

Hakutaja jina. Kutoka pale nilipolala niliona miguu tu. Mguu wa kulia ulikuwa na gambuti, kiatu kirefu cha mpira. Wa kushoto ulikuwa na soksi ya kijivu, imelowa maji. Nikafikiri gambuti ya pili imebaki kwenye matope mahali, jambo la kawaida kwa msimu ule.

"Naona uko peke yako," akasema. "Wacha nikushikie hapa juu."

Ungekuwa wewe, ungekataa? Nikampitishia spana ya pili ubavuni mwa gari. Vidole vilivyoipokea vilikuwa baridi, lakini ni nani alikuwa na vidole vya moto siku ile? Nikaona ile soksi ikiinuka kutoka ardhini, nikajua amepanda ndani. Mtu mzima akipanda pikapu, springi huitikia. Hii haikutikisika hata kidogo. Niliona, naapa niliona, nikajiambia basi ni mtu mwembamba.

Tukafanya kazi. Tena tulifanya vizuri, na hilo ndilo linalonitia hofu zaidi nikikumbuka. Mimi naita "Shika!", yeye anajibu "Nimeshika," nati inakaza. Upande wa kushoto ulikwisha kwa muda mfupi kuliko ambavyo Muriuki angeufanya. Kuna mahali alinikatiza, akasema kupitia sakafuni, "Hiyo ya katikati iko na kutu. Ipake mafuta kwanza."

Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu kutu. Nikamuuliza, "Wewe unaijuaje hii gari?"

"Naijua kutoka chini," akasema.

Nikacheka. Nilidhani na yeye ni fundi.

Tukahamia upande wa kulia, upande wa dereva. Nikaiinua bodi kwa jeki. Fundi mwenye akili huweka gogo la akiba, jeki ikiteleza gogo linashika. Sikuweka. Nilikuwa nafukuzana na giza. Kabla ya kuingiza mabomba nikaona niunganishe stelingi kwanza, kwa sababu bodi ikiinuka ule mti wa usukani unakuwa mfupi na lazima uongezewe kipande. Nikakiweka, nikaanza kufunga boliti yake.

"Hiyo ya stelingi usifunge," sauti ikasema.

"Nisifunge aje?"

"Iache wazi."

"Ati niiache wazi? Si mwenyewe atazungusha usukani na magurudumu yakatae? Huyu hupita kwa zile kona za Kiriaini. Ataenda korongoni."

"Eeh," akasema, taratibu, kama mtu aliyeulizwa kama ataongezewa chai. "Ataenda."

Nikaangalia nje kupitia chini ya mlango wa gari, nikitafuta watu wengine, mtu yeyote. Ukungu tu. Nikaikaza ile boliti mpaka mkono ukauma, kisha nikashika bomba la kwanza nikaanza kuliingiza kwenye nafasi kati ya bodi na chesisi. Nilitaka nimalize nitoke.

Ndipo jeki ikapumua. Niliisikia, ssss, na bodi yote ya upande ule ikashuka juu ya mkono wangu wa kushoto.

Sitakuelezea ule uchungu. Nilipiga kelele na hakuna aliyekuja. Siku ya soko nani anasikia? Vidole viwili vilikuwa vimebanwa kati ya chuma na chuma, na kila nilipovuta, ile bodi iliongeza uzito. Sasa springi ziliitikia. Niliziona zikilala, polepole, kama mtu anayejikalisha mahali ambapo hataki kuondoka.

Halafu sauti ikawa karibu sana. Haikuwa tena juu, ndani ya kebini. Ilikuwa pale kwenye ile nafasi nyembamba, mahali ambapo hata mkono wangu haukutosha.

"Fungua ya stelingi," ikasema, "nikuinulie."

Nisikudanganye. Ningependa kukuambia nilisali, nikakataa, nikashinda. Mkono wangu wa kulia ulikuwa na spana, na boliti ile ilikuwa karibu na kichwa changu. Niliifungua. Niliilegeza mpaka ikabaki imeshikwa na uzi mmoja au miwili, huku nikilia kama mtoto. Na bodi ikainuka yenyewe, kwa upole kabisa, nikatoa mkono wangu.

Nilitambaa nje nikakaa matopeni. Nilipopata nguvu ya kusimama nikaangalia ndani ya kebini. Hapakuwa na mtu. Uwanja mzima ulikuwa tope, lakini sakafu ya kebini ilikuwa kavu, na spana yangu imelazwa katikati, safi. Nikainama chini ya gari. Mabomba yote matatu ya upande wa kulia yalikuwa mahali pake, nati zote zimekazwa. Mimi nilikuwa sijaingiza hata moja. Gari lilikuwa tayari, isipokuwa boliti moja.

Nilikuwa bado nafunga vidole kwa kitambaa Ndirangu alipoingia. Akaiona pikapu imesimama juu, akatabasamu.

"Fundi, umeniokoa! Nirudishie viti tu niende. Kuna mzigo wangu unaningoja huko juu."

Nikavirudisha viti kwa mkono mmoja. Ndiyo, nilivirudisha, kimya. Nilijiambia sijui lolote, mimi ni fundi tu, na nikisema yule atanirudia. Ndirangu akapanda, akawasha injini. Ile tabo ikaanza kuimba. Akaweka gia.

Nikafungua mlango nikamvuta kwa koti mpaka akaanguka chini.

"Una wazimu?"

"Stelingi iko wazi," nikasema. "Kuna mtu ameniambia niiache wazi. Mtu wa gambuti moja."

Ndirangu hakuniuliza ni mtu gani. Alibaki amekaa pale tope likiingia suruali, na uso wake ukageuka rangi ya jivu. Mwishowe akasema, akiangalia chini ya gari, "Ile ingine ilikuwa imekwama hapo. Niliitoa nikaitupa mto Ragati."

Akanieleza. Wiki tatu nyuma, asubuhi ya ukungu kama ule, kwenye kona juu ya Kiriaini, aligonga mtu aliyekuwa akitembea kando ya barabara. Alisimama. Alishuka. Alimsikia akiita kutoka chini ya gari, akimwomba amshikie mkono. Na yeye akapanda, akarudisha gari nyuma, akaenda zake na mzigo.

Tulitembea pamoja mpaka kituo cha polisi, yeye mbele, mimi nyuma, na sikumwacha mpaka alipoanza kuandikisha maneno yake.

Baada ya siku chache polisi walinielekeza kwa mama wa yule marehemu, nikaenda. Usingizi ulikuwa umenikataa, nikaona bora nimwambie yote. Alikuwa mjane, amekaa jikoni akimenya viazi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuuliza kama naongopa. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu.

"Alikuomba chakula?"

"Hapana, mama. Hakuniomba."

"Siku hiyo tuligombana kwa sababu ya kuni," akasema. "Alitoka bila kunywa chai." Akamenya kiazi kingine, polepole. "Kama hakuomba, basi labda alikula mahali."

Nilitoka nje nikalia.

Ile pikapu ilibaki kituoni ikaota nyasi. Mimi niliacha ufundi mwezi huo huo. Muriuki aliendelea peke yake. Siku hizi nauza mbegu na mbolea Kerugoya. Vidole hivi viwili havikunji tena, na mwezi wa saba huuma mpaka begani. Chini ya gari siingii, hata liwe langu. Mke wangu amezoea kwamba silali chali, na kwamba dari ikilia usiku naamka nakaa mpaka kupambazuke.

Usiniulize alikwenda wapi. Sijui. Lakini wewe unayeendesha gari kwenye barabara hizi za ukungu, nisikilize. Ukigonga kitu, simama. Ukisikia kinaita, shuka, hata kama uko peke yako, hata kama unaogopa watu watakuja na mawe. Inama, umpe mkono akiwa bado ni mtu.