Nne juu ya Kumi

Nilifuta ile tablo, ubao wao wa chaki, kwa kitambaa cha mtoto wangu, na kitambaa chenyewe hakikuwa kikavu.

Ilikuwa mtaani Kamalondo, mlangoni kwa fundi wa nguo. Pale komite ya mashabiki wa timu yetu ya mtaa hukutana kesho yake baada ya kila mechi. Wanatundika tablo, wanashika chaki, kila mchezaji anapewa kote, yaani alama, juu ya kumi kama mwanafunzi. Mimi nilipita kuchukua robe, gauni langu la kushonwa, mtoto mgongoni. Katibu wa komite, papa mmoja, mzee wa sauti kubwa, alikuwa anaandika kote ya mdogo wangu: nne.

"Uyu iko na jina tu," akasema. "Mupira hapana. Jina inakimbia, miguu inabakia."

Watu wakacheka. Kicheko ningekivumilia. Lakini msimu huu komite inapeleka vijana watatu kujaribiwa kwenye timu kubwa ya mji, na inawachagua kwa tablo ile ile. Mdogo wangu anacheza katikati, yeye ndiye anayegawa mipira, na umri wa kuitwa unampita. Ndipo nikavuta kitambaa begani.

"Mama, sasa ile ni nini?" katibu akauliza, chaki hewani.

"Ni kote yenu, papa. Nimeisafisha."

Fundi, ambaye ndiye prezida wa komite, hakuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Mama, weye ni yaya yake, dada yake mukubwa. Yaya hawezi kupatia mudogo yake kote."

Neno hilo lilinifuata mpaka nyumbani, na likanikera. Huyu mdogo wangu nilimbeba mgongoni kabla sijabeba wangu. Bukari, ugali anaokula, naipika mimi. Labda kweli nilikuwa naangalia sahani yangu, siyo mpira wake.

Basi mechi iliyofuata, kule Annexe, nilikwenda nimeamua kumwangalia kama mtoto wa jirani, tena jirani tusiyesalimiana naye. Kiwanja kile kina kivuli upande mmoja tu, nyuma ya goli, chini ya ukuta wa parsele, ua wa nyumba ya watu. Komite nzima ilisimama pale na munkoyo yao, kinywaji cha mahindi. Mimi nikaenda upande wa jua, usawa wa katikati, mwavuli juu ya mtoto.

Nianze na mabaya. Mipira ya juu anaikimbia. Anafumba macho kama anatupiwa maji. Akipoteza mpira, harudi haraka. Tena niseme ukweli mwingine: miaka miwili nyuma, alipokuwa anapiga chenga watu watatu na kuangukia wa nne, komite ilimpa tisa, na mtaa mzima ukamwimba. Ile tisa ilikuwa ya bure. Wakati ule ndipo jina lilizidi miguu.

Lakini siku ile niliona kitu kingine. Kabla mpira haujamfikia, alikuwa ameshageuza shingo, kushoto, kulia, kama mama anayevuka barabara na watoto. Mpira ulipofika, haukukaa. Aligusa mara moja, ukaenda mahali pasipo na mtu, nami nikamtukana kimoyomoyo. Halafu mtu akatokea pale pale. Huyo akampasia mwingine, mwingine akafunga. Nyuma ya goli wakaruka, wakambeba mfungaji. Mdogo wangu alikuwa ameinama mbali, anafunga kamba ya kiatu kwenye vumbi jekundu. Machozi yakanitoka, nikasingizia jua.

Jioni ya kesho yake nilimuuliza: "Juu ya nini haupigake tena chenga?"

"Yaya, nikipiga chenga, bale ba mbele banachoka kuningojea."

Aliendelea kula. Tablo yao ilikuwa imempa nne tena, na hakuitaja.

Nikakaa kuandika. Nilianza kwa Kifaransa cha shule, nikachana, kwa sababu hasira yangu haijui Kifaransa. Hii ndiyo niliyompelekea fundi mkononi, mbele ya katibu:

"Kwa Papa Prezida wa Komite. Mimi, mama wa mtoto mmoja na yaya wa mchezaji wa katikati, nashitaki namna yenu ya kutoa kote. Mnasimama nyuma ya goli kwa sababu ya kivuli, na kutoka pale mnaona anayefunga tu. Naomba, kabla hamjapeleka vijana watatu, katibu asimame mechi moja upande wa jua, usawa wa katikati, bila munkoyo. Mwavuli nitaleta mimi. Akiisha kuangalia, aandike anachotaka, na mimi sitagusa tena tablo. Kwa mipira ya kichwa, mumupe sifuri. Hiyo sibishi."