Maji ya Kijitoni

Jirani yangu hapa Kihonda anapiga pasi ya mkaa, na harufu ya pamba yenye unyevu inanirudisha kijijini kwetu mlimani, asubuhi ya komunyo yangu ya kwanza. Bibi alikuwa amelinyoosha gauni langu jeupe tangu alfajiri. Mwaka mzima, nikipeleka karoti sokoni, nilikuwa natembea pembeni kabisa ya njia ili Yesu apate nafasi ya kutembea na mimi.

Tukielekea kanisani nilinawa uso kijitoni, nikameza maji kidogo. Katekista alikuwa ametuonya tusile chochote kabla ya kumpokea Yesu. Wenzangu walipopanga mstari mbele ya padri, mimi nilibaki kwenye benchi.

“We, twende, utaachwa,” rafiki yangu alininong'oneza.

Nje nilimweleza bibi huku nalia.

“Maji hayavunji mfungo, mjukuu wangu. Mbona hukuniuliza?”

Padri, aliyekuja kwetu mara moja kwa mwezi, alirudi mwezi uliofuata, nikapokea. Nilikuwa nimemwekea Yesu habari za mbuzi wetu na za jino langu lililolegea, lakini nilianza kwa kumwomba radhi kwa kutompokea siku ile. Mpaka leo nikipiga magoti naanzia hapo hapo, na habari zangu bado sijampa.